Tembea, Hata Kama Nauli Unayo

Hapa Dar es Salaam, mtu mzima mwenye kazi yake akionekana anakata vituo viwili vya daladala kwa miguu, anayemfahamu humpa pole na kumuuliza kama amekwama. Tumezoea kuamini kwamba miguu ni usafiri wa aliyekosa. Sizungumzi na kibarua anayetembea saa nzima kwa kukosa nauli, kwani huyo anastahili usafiri wa bei nafuu, si mawaidha ya mazoezi; nazungumza na sisi tunaotoka kitandani hadi kwenye gari, kwenye gari hadi kitini, na jioni tukarudi vilevile.

Mimi niliijua faida ya kutembea kwa njia ya msiba. Mama yangu alipofariki, nyumba ilijaa watu mpaka siku matanga yalipoanuliwa, kisha kimya kikatanda na usingizi ukanikimbia, nikawa ninaamka saa tisa usiku na kukodolea macho dari hadi adhana ya alfajiri. Asubuhi moja jirani yangu, mzee mstaafu ambaye kwa heshima ninamwita baba mdogo, alikuja mlangoni akasema, "Mwanangu, vaa viatu twende mpaka baharini turudi." Hakuuliza lolote. Tulitoka Upanga tukapanda Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, kilomita moja na ushei juu ya maji, na tulipokaribia upande wa Coco Beach nikajikuta ninamsimulia siku za mwisho za mama, habari ambazo sikuwa nimemwambia hata mke wangu. Ninaamini nisingeweza kuzisema tukiwa sebuleni tumeelekeana. Wanaotembea pamoja hutazama mbele, na kimya kinachopita kati yao hakimdai mtu jibu.

Baada ya wiki kadhaa usingizi ulirejea. Mwili unaochoka mchana hulala usiku, na mwanga wa asubuhi huisaidia akili kutambua saa za kukesha na za kupumzika. Sidai kwamba matembezi yanatosha kumponya mwenye sonona, maana huyo anahitaji pia mtaalamu. Ila hata ubongo wenyewe hunufaika. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 uliwafuatilia wazee 120, na wale waliotembea dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu iliongezeka kwa takriban asilimia 2, ilhali kwa wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu ilipungua.

Kwa upande wa mwili, tazama vigimbi vyako. Kila unapokanyaga, misuli hiyo hubana mishipa na kuisukuma damu irudi juu kuelekea moyoni, kazi ambayo husinzia ukikaa kitini kutwa. Misuli inayofanya kazi pia huchota sukari kutoka kwenye damu, ndiyo maana matembezi ya robo saa baada ya sahani ya ugali au wali huishusha sukari ambayo ingepanda sana. Na ushahidi huu si wa juzi: mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walionyesha kuwa madereva wa mabasi ya ghorofa jijini London, waliokaa zamu nzima, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi hayohayo.

Wengi hukata tamaa kwa sababu wameambiwa lazima wafikishe hatua 10,000. Idadi hiyo ilienezwa na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, wala haikutoka kwa madaktari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba, na nusu saa kwa siku tano inatosha kuzitimiza.

Kinachoniudhi ni kwamba tunawahimiza watu watembee huku njia za waenda kwa miguu zikiwa zimegeuzwa maegesho, na bodaboda zikipita humohumo zikipiga honi. Mama mwenye magoti mabovu akilazimika kushuka barabarani ili alipite gari lililoegeshwa, atarudi kwake akae, na sitamlaumu. Njia safi yenye kivuli na taa ni huduma ya afya sawa na zahanati, na ingefaa ihesabiwe hivyo bajeti zinapopangwa.

Baba mdogo hana haja ya kunipigia simu. Saa kumi na moja na nusu hugonga nondo za dirisha langu mara mbili, na viatu vyangu huwa nimeviweka karibu na mlango tangu usiku.