Ndoo ya shemeji

Shemeji yangu anasomea vyura. Ukweni wanasema anasomea biolojia, ila mimi ndiye mbeba ndoo, najua anasomea nini.

Jioni hiyo tulikuwa tunarudi Bukavu kutoka upande wa Lwiro. Yeye na daftari lake, mimi na ndoo yenye kifuniko, ndani maji ya kijito na vyura wadogo wa kahawia aina ya Xenopus wittei. Jina walipewa mwaka 1979 kwa heshima ya Gaston-François de Witte, Mbelgiji mmoja. Wazee wa Kabare hawakuulizwa.

Bisi ilijaa Kavumu. Tulipopita Miti, ikaanza: ti-ti-ti-ti. Shofere akasimama, akafungua boneti, akatikisa betri. Kimya. Akawasha: ti-ti-ti-ti. Alipoingia chini ya gari, shemeji akaninong'oneza kwa furaha kabisa, "Ni madume. Wanaimbia ndani ya maji!"

Mama wa ndizi pembeni yangu akasikia. "Nani anaimba?"

Akafunua kifuniko mwenyewe.

Chura huyu hana ulimi, lakini miguu ya nyuma anayo, na kwenye vidole ana kucha nyeusi. Halafu anateleza kuliko sabuni. Wa kwanza alitua kwenye kofia ya papa mmoja aliyekuwa amesinzia. Wengine wakaingia chini ya viti, na abiria wakapanda juu ya viti. Mtu akaanza kukemea pepo kwa jina la Yesu.

Shemeji, badala ya kukamata, akaanza darasa. "Musiogope! Ana kromosomu 72, sisi binadamu tuko na 46 tu!" Hapo ndipo walipoogopa kweli. Akaona aongeze sifa: binamu wa chura huyu, wa Afrika Kusini, zamani hospitalini, alikuwa anadungwa mkojo wa mwanamke, na kama mwanamke ana mimba, chura anataga mayai bila kukawia.

Bisi nzima ikanyamaza. Dada mmoja aliyevaa vizuri akakunja miguu yake haraka, akahamia kiti cha nyuma kabisa. Mama yake akageuka, akamtazama. Akaendelea kumtazama.

Aliyetuokoa ni yule mama wa ndizi. Alifungua kitenge chake cha juu, akawa anamfunika chura, anamkunja, anamtia ndooni, kama anaokota nyanya. Alipomaliza akakinga mkono: "Papa, kitenge kinafuliwa na sabuni, na sabuni inanunuliwa." Shemeji akasema pesa ziko kwa shemeji yake. Nikalipa.

Kadutu, tunashuka, papa mwenye kofia akanivuta kando. Ana binti watatu, alisema, na hataki maneno mengi.

"Mmoja ni bei gani?"