Kabla ya kuviita vipandikizi vya meno anasa, tulitazame taya la chini

Mwezi uliopita tulikaa kikao cha familia kupanga mchango wa matibabu ya shangazi. Baba mdogo akasema neno ambalo wengi waliliitikia: "Dada ana miaka 68, kibogoyo, vipandikizi vya nini? Hayo mambo ya wasanii. Tumnunulie meno ya bandia, yaishe." Simlaumu. Vipandikizi, yaani meno yanayokazwa ndani ya mfupa wa taya, tumevizoea kwenye picha za watu maarufu wenye meno meupe pe, na bei ya kimoja tu kwenye kliniki binafsi ya Dar es Salaam au Nairobi inaweza kumeza mshahara wa mwalimu wa miezi kadhaa.

Ila meno ya bandia shangazi anayo. Yamo kwenye kopo la siagi juu ya kabati. Ya juu huyavaa sikukuu ya Idi na siku za harusi. Ya chini yamemshinda: akiongea yanaruka, akitafuna yanahama, na kambegu ka nyanya kakipenya chini yake ufizi unawaka moto. Kwenye harusi ya mwanawe nilimwona akigeukia ukutani, akayatoa, akayafunga kwenye leso, kisha akala wali na mchuzi huku kipande cha nyama akimsogezea mjukuu.

Wengi tukiona hivyo tunasema hajayazoea, au fundi aliharibu vipimo. Mara nyingine ni kweli. Lakini taya la chini lina shida yake yenyewe. Meno ya juu yana kaakaa lote la kushikia, yanang'ang'ania kwa mate. Ya chini yamekalia kijiukingo chembamba chenye umbo la kiatu cha farasi, huku ulimi unayasukuma ndani na shavu linayasukuma nje. Na kijiukingo chenyewe hakidumu. Mfupa wa taya huishi kwa kazi ya mizizi ya meno. Jino likishang'olewa, mfupa ule unaanza kuliwa, na katika mwaka wa kwanza ndipo huliwa kwa kasi zaidi.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1972 uliwafuatilia watu waliovaa seti kamili za meno ya bandia, wengine kwa miaka 25. Ulikuta kwamba mfupa wa mbele wa taya la chini hupungua takribani mara nne ya ule wa juu. Mara nne. Namba hii hainitoki kichwani, kwa sababu maana yake ni kwamba seti tunayomchongea mzee leo inapimwa kwenye taya ambalo baada ya miaka michache halitakuwa vile. Atarudi kwa fundi irekebishwe, atarudi tena, na kila akirudi pa kushikia pamepungua. Kwa baadhi ya wazee mfupa huisha hadi mshipa wa fahamu uliokuwa umejificha ubavuni mwa taya unajikuta juu kabisa, chini ya plastiki, na kila tonge ni kama kugandamiza kidonda. Mtu wa namna hiyo ukimwambia avumilie, unamwonea.

Kipandikizi ni mzizi wa titani, aina ya metali, unaokazwa ndani ya mfupa. Msweden Per-Ingvar Brånemark, akichunguza mifupa ya sungura mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliona kifaa chake cha titani kimeshikana na mfupa hata hakitoki. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, na Larsson alivitumia vipandikizi vyake hadi alipofariki mwaka 2006. Mfupa uliokizunguka kipandikizi hurudi kupokea nguvu ya kutafuna, kwa hiyo kule kuliwa kunapungua sana.

Tena shangazi hahitaji kujaziwa kinywa. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walikubaliana kwamba kwa taya la chini lisilo na jino hata moja, chaguo la kwanza liwe vipandikizi viwili vya mbele, na seti ya kuvaa na kuvua ijibane juu yake kama vifungo vya chuma vya kubonyeza. Viwili tu. Taya la juu libaki na seti yake ya kawaida.

Upande wa baba mdogo nao una hoja. Fedha ya vipandikizi viwili ingeziba meno ya watoto wengi kabla hayajafikia kung'olewa, na kwa wizara yenye bajeti finyu mimi ningeanza na hao watoto. Mwenye pengo moja la gego la nyuma anaweza kuliacha. Meno 20 yaliyopangika vizuri yanamtosha mtu kula. Kipandikizi nacho huugua: mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 yalikadiria kwamba kama mgonjwa mmoja kati ya watano hupata uvimbe unaokula mfupa unaokizunguka, na mvuta sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa yuko hatarini zaidi. Halafu kuna jambo ambalo watu hawaulizi: kila kampuni ina skrubu na bisibisi zake. Kliniki uliyotibiwa ikifungwa, nyingine inaweza kukosa bisibisi ya kukazia skrubu iliyolegea. Daima uondoke na maandishi ya aina na saizi ya ulichowekewa.

Shangazi ana kisukari. Daktari amesema sukari ishuke kwanza, ndipo apigwe picha ya taya ionekane mfupa uliobaki unatosha au la. Kwa hiyo mchango tumeupanga kwa vipandikizi viwili vya chini, na hela haitoki kabla ya majibu hayo. Baba mdogo amekubali kumpeleka kliniki ya kisukari kila mwezi. Mwenyewe shangazi ameuliza swali moja tu, kama ataweza tena kutafuna pweza, na daktari amemjibu kwamba mfupa ukiruhusu, ataweza.