Busti ya Nairobi, Harusi ya Mombasa

Mtu akikuambia gari lake linasukuma busti ya psi 16 (busti ni mgandamizo wa hewa ambayo turbo huisukumia injini, psi ni kipimo chake) na halijawahi kumsumbua, kabla hujamsifu muulize anakaa wapi, anatia mafuta gani na amempakia nani. Mimi nilikuwa nakaa Nairobi, natia petroli yoyote iliyo njiani, na siku yenyewe nilikuwa nimempakia bwana harusi, mamake, joho, kilemba, na ndoo ya mahamri ambayo Shangazi alikataa katakata isiwekwe kwenye buti.

Gari ni Forester ya turbo, injini EJ20 ya lita mbili, gia za mkono. Mjadala wa kwa nini Wakenya tumerogwa na Subaru siuanzi hapa. Vijana watakutajia Colin McRae na Impreza ya bluu iliyoshinda Safari Rally mwaka 1997. Sisi wengine tunamtaja Patrick Njiru, aliyeingia Safari ya 1993 na Vivio, kigari cha cc 660 ambacho ungedhani ni cha kupelekea watoto chekechea, na akamaliza mbio, ilhali McRae mwenyewe kwenye Vivio kama hiyo aliishia njiani. Ukikua na hadithi kama hizo huwezi kununua gari la kawaida.

Kutoka kiwandani, turbo ya injini hii husukuma chini kidogo ya bar moja, na bar moja ni psi 14.5. Inatosha kabisa kwenda kazini na kurudi. Lakini gereji niliyokuwa nikipeleka gari ilikuwa ya watu wasiopenda neno "inatosha". Fundi wangu (simtaji jina, bado tunakutana kwa muuza chapati) alinitolea mfukoni kidude cha shaba, kikubwa kama kidole gumba, kina skrubu kichwani na gololi na springi ndani.

"Bosi, hii ndio siri ya wasee wa Thika Road," akasema.

Kazi ya kile kidude ni uchonganishi. Turbo huzungushwa na moshi wa egzosi. Ikishapata upepo wa kutosha, sehemu ya upepo huo hupita kwenye mpira mwembamba kwenda kufungua kilango, mafundi hukiita westigeti, kinachopitisha moshi pembeni ili turbo isizidi kukimbia. Kidude hukaa katikati ya ule mpira na kuzuia habari zisifike. Ukikaza skrubu, kilango huchelewa kuambiwa kwamba shughuli imekwisha, na turbo inaendelea kucheza ngoma.

Akakaza. Tukatoka kujaribu. Geji ya busti, ambayo nilikuwa nimeibandika kwenye nguzo ya kioo upande wa kulia, ikapanda hadi 16 ikatulia. Gari likaruka mbele, mimi nikacheka peke yangu.

"Kumi na sita iko sawa," akasema fundi. "Kuna mtu anasukuma kumi na nane, na anapeleka watoto shule nayo."

Na kweli Nairobi haikunisumbua. Asubuhi baridi, foleni ndefu, nafasi ya kukanyaga ni kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Akaniongezea na valvu ya kutoa upepo nje, ile inayolia "pshhhh" kila ukibadilisha gia. Majirani walinichukia, nami nikalichukulia hilo kama cheti.

Harusi ikaja. Bwana harusi ni binamu yangu, mtoto wa Shangazi, anafanya kazi Nairobi, na mkuu wake wa kazi alimpa ruhusa kwa kipimo cha chumvi. Nikahi ilipangwa Mombasa Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Tiketi za treni ya SGR zilikuwa zimekwisha. Nikajitolea. Zaidi ya hayo nilikuwa mmoja wa mashahidi wawili, kwa hiyo safari ilikuwa yangu vilevile.

Tuliondoka baada ya alfajiri, Shangazi mbele, bwana harusi nyuma akikumbatia kilemba. Kufika Athi River nikabadilisha gia, valvu ikalia.

"Gari lapiga chafya?" Shangazi akauliza.

"Ni turbo hiyo, Shangazi."

"Yarhamukallah," akaliambia gari, na tangu hapo hakuacha. Salama, Sultan Hamud, Emali, kila chafya na dua yake. Tukasimama Makindu kwenye hekalu la Masingasinga, pale msafiri yeyote hupewa chai na chakula bure, Shangazi akasema watu wale wana roho nzuri ila chai yao inahitaji iliki zaidi.

Baada ya Mtito Andei ndipo nilipomkuta Lori. Nasema Lori kwa herufi kubwa kwa sababu atarudi. Alibeba kontena tupu la kurudishwa bandarini, anakwenda zake polepole, na mbele yake wenzake watatu. Nikakaa nyuma yao kwa muda mrefu, kilomita 30 kwa saa kwenye vilima, jua limeshakuwa kali. Hapa nieleze jambo moja la Subaru: kipozea hewa ya turbo kimelala juu ya injini yenyewe, na hupata upepo kupitia ile pua iliyo kwenye boneti. Gari likienda, pua inavuta. Gari likijikongoja nyuma ya malori, kile kipozea kinakaa pale juu ya injini kinaiva. Hewa itakayoingia kwenye silinda baada ya hapo ni ya moto hata kabla hujaanza kuisukuma.

Barabara ikafunguka. Gia ya tatu, mguu wote. Lori la kwanza, la pili, geji imeshika 16, la tatu, na ghafla injini ikakata. Si kuzimika. Kukata, kama sekunde moja hivi, halafu ikarudi, halafu ikakata tena. Kompyuta ya gari ina kikomo chake cha mgandamizo, ukikivuka inafunga mafuta ili kuiokoa injini. Sisi watatu tukaenda mbele, tukarudi nyuma, tukaenda mbele. Hamri moja lilitoka kwenye ndoo likagonga kioo, likateremka taratibu hadi kwenye dashibodi likiacha mstari wa mafuta. Kilemba kilimpanda bwana harusi kichwani chenyewe.

"Hili sasa si chafya," Shangazi akasema. "Hiki ni kifafa."

Tukasimama Voi kutia mafuta. Binamu akauliza kwa upole kama nimewahi kufikiria kukilegeza kile kidude. Nikamwambia kimewekwa na mtaalamu. Wakati tunazungumza, Lori akatupita, akapiga honi ya salamu.

Nikamfikia tena karibu na Maungu. Nikapita. Sikuvuka hata urefu wa kontena lake kabla ya kusikia kitu kwenye injini, mlio mkavu, tiki-tiki-tiki, kokoto ndani ya kopo la maziwa. Ni noki: mafuta ambayo moto wa plagi bado haujayafikia yanajilipua yenyewe kwenye silinda, na pistoni inapigwa nyundo. Nikaachia mguu. Tayari. Gari likaanza kutetema, nguvu zikaisha, na kwenye kioo cha nyuma sikuiona barabara tena. Niliona moshi wa buluu, na ndani ya moshi, taa za Lori.

Nilifungua boneti. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimeruka kutoka mahali pake na oili imetapakaa kila mahali, dalili kwamba upepo wa silinda unavuja kwenda chini kwenye injini. Shangazi alishuka, akaangalia, akasoma Inna lillahi mpaka mwisho.

Saa saba na nusu mchana. Mombasa bado zaidi ya kilomita mia. Proboxi za miraa zinatupita zikiwa na injini za lita moja na nusu zisizo na turbo, hazina geji, hazina chafya, zinakwenda tu.

Lori akasimama mbele yetu. Akashuka mzee wa makamo, kofia ya kiua, ndala.

"Asalaam alaykum. Nyinyi ndio mliokuwa mkinipita?"

"Waalaykum salaam, mzee. Ndio sisi."

"Poleni. Bwana harusi ni yupi?" Akamwona aliyevaa kilemba na jinzi. "Aa. Panda, mwanangu. Mama, nawe panda. Wewe," akaniambia, "kaa na gari lako."

Ikawa hivyo. Yaliyofuata nimeyapata kwa simu na baadaye kwa kila mtu aliyekuwepo, na kila mmoja anaongeza chumvi yake, kwa hiyo nachagua ninayoweza kuapia. Walisimama Mackinnon Road kwenye msikiti wa Sayyid Baghali, Shangazi akatoa sadaka kwa niaba ya injini yangu. Bwana harusi alivalia kanzu na joho ndani ya kabini, mguu mmoja kwenye kiti cha dereva. Mariakani wakapanga foleni ya mizani, na hivyo ndivyo binamu yangu alivyopimwa uzito na serikali siku ya ndoa yake, pamoja na kontena. Kuingia mjini lori halikuweza kupita kwenye vichochoro, likaegeshwa barabarani, na kina mama waliokuwa wakisubiri walipomwona bwana harusi anateremka kutoka juu kule na joho linapepea, wakapiga vigelegele. Walidhani ndiyo mtindo mpya wa Nairobi.

Alasiri ikasaliwa. Kadhi akauliza mashahidi. Shahidi mmoja alikuwepo. Wa pili alikuwa Maungu, amekaa kwenye kivuli cha mbuyu, anabishana bei na mwenye gari la kuvuta magari. Kadhi akatazama saa. Dereva wa lori alikuwa amesali safu ya mbele. Mwislamu, mtu mzima, akili timamu. Sahihi yake iko kwenye cheti cha ndoa hadi leo.

Mimi nilifika usiku. Pilau ilikuwa imekwisha. Nilipewa ukoko.

Injini ilishushwa kwa fundi mmoja mzee wa Mombasa, mtu wa maneno machache, anafanyia kazi chini ya mwarobaini. Alitoa pistoni ya silinda ya nne akanipa niishike. Ukingo mwembamba ulio kati ya ringi ya juu na ya pili ulikuwa umemeguka, kipande chenyewe kimekwishasagwa. Hapo ndipo pistoni za kiwandani za injini hizi zinapokufa.

"Mwaweka ngapi?" akauliza.

"Kumi na sita."

"Kumi na sita za wapi?"

Nikamtazama. Akachukua msumari akachora kwenye mchanga. Nairobi iko juu ya bahari mita 1,700 hivi, hewa ya kule ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama psi 12. Hapa pwani ni 14.7. Geji yako haijui hayo, inahesabu kuanzia hewa ya pale ulipo kwenda juu. Kumi na sita za Nairobi juu ya kumi na mbili ni ishirini na nane. Kumi na sita za Mombasa ni thelathini na kidogo. Akafuta, akaandika vizuri: 30.7. Hata pale Maungu nilikuwa nimeshaongeza zaidi ya psi moja na nusu bila kugusa skrubu, nikaongeza joto, mizigo, kipozea kilichoiva, na kukanyaga kwa muda mrefu ambao Thika Road haikuwahi kuniruhusu. Juu ya hayo, magari haya yaliundwa yakitarajia petroli bora ya Japani, ambayo pampuni huuzwa ikiwa na oktani, yaani kipimo cha petroli kustahimili kujilipua, ya kama 100. Ya kwetu ya kawaida haifiki huko, na oktani ikishuka ndipo mafuta yanapojilipua yenyewe.

"Sasa niweke ngapi?" nikauliza.

"Wataka kwenda kazini au wataka kusifiwa?"

Nikasema kazini. Kile kidude cha shaba akakitia mfukoni mwake, sikukiona tena. Injini ikarudi na pistoni mpya na busti ya kiwandani. Baadaye, mwezi wa Machi, Mombasa inapochemka, kijana wake alikuja na laptopu tukazunguka tukitazama noki na mchanganyiko wa mafuta na hewa, akapandisha hadi 14 na si zaidi. Hoja yake ilinikaa: pima gari mahali pabaya zaidi utakapolipeleka, kwa petroli mbaya zaidi utakayoitia, likiwa limebeba watu wote utakaowabeba. Likistahimili hapo, Nairobi ni likizo. Fundi wa muuza chapati nilipomweleza alisema pistoni zangu zilikuwa dhaifu tangu mwanzo, akanionyesha kidude kipya, cha alumini.

Valvu ya chafya nimeiondoa pia. Shangazi alisikitika, alikuwa amekwisha kuizoea.

Dereva wa lori sasa ni jamaa. Kila akishusha kontena bandarini hupitia kwa maarusi kula chakula cha mchana, na walipopata mtoto yeye ndiye aliyeletewa habari kwanza. Mimi niliambiwa Jumatatu, kwa ujumbe mfupi, wakiniuliza kama naweza kwenda kuwachukua hospitali, na kama naweza kuja na gari la mtu mwingine.