Ardhi ya askofu, mshahara wa serikali: shule kongwe za Kikatoliki za Kampala ni za nani?

Wizara ya elimu ikimhamisha mkuu wa shule kongwe ya Kikatoliki bila kulitaarifu jimbo la kanisa, mzozo wa zamani huamka upya Kampala. Upande wa kanisa husema shule ni zake na zirudishwe, au angalau uulizwe kabla ya mtu kuletwa. Upande wa wizara hujibu kwamba anayelipa mishahara ndiye anayepanga walimu. Nimeusikia ubishi huu kwenye teksi, kwenye vibanda vya chai na nje ya kanisa baada ya misa, na karibu kila mara mtu husimulia nusu ya historia, ile inayomfaa.

Tuanze kilima cha Rubaga, maana ndiko mambo yalikoanzia. Padri Mfaransa Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alifika Buganda Februari 1879 pamoja na Bruda Amans. Waprotestanti wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana kutoka Uingereza, walikuwa wametangulia tangu 1877. Haikuchukua muda waongofu wa pande hizo mbili wakawa kambi za kisiasa zenye bunduki, na Januari 1892 wakapigana Mengo, makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Kapteni Lugard, Mwingereza, akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki ya Maxim, Wakatoliki wakashindwa, misheni ya Rubaga ikateketea. Miaka mitatu baadaye wakaja mapadri wa shirika la Kikatoliki la Mill Hill kutoka Uingereza, wakakaa Nsambya, ili watu waone kwamba Mkatoliki si lazima awe mtu wa Wafaransa.

Kisha ukaja Mkataba wa Buganda wa 1900, kati ya Waingereza na ufalme huo. Katika mgawanyo wa madaraka Waprotestanti walitoka na fungu nono, ukatikiro, yaani uwaziri mkuu wa Buganda, ukiwa mikononi mwa Apolo Kagwa. Lakini mkataba huohuo ulizitambulia misheni jumla ya maili za mraba 92 za ardhi. Ubishi wote wa leo umesimama juu ya hizo maili 92. Bunge linaweza kubadilisha sheria ya elimu likitaka. Hatimiliki ya kiwanja ambacho darasa limejengwa ni habari nyingine.

Shule zenyewe zilizaliwa ndani ya mashindano hayo. Mill Hill walifungua Namilyango mwaka 1902. CMS wakafungua King's College Budo mwaka 1906, na mwaka uleule Askofu Henri Streicher akaanzisha St. Mary's pale pale Rubaga, kwa ajili ya vijana wa machifu wa Kikatoliki, wasije wakaachwa nyuma na wenzao wa Budo. Mwaka 1908 St. Mary's ikahamishiwa Kisubi, kwenye njia ya Entebbe, na mwaka 1926 ikachukuliwa na Mabruda wa Mafundisho ya Kikristo, ambao wengi wetu tunaihusisha nao hadi leo.

Kwa hiyo anayedai kwamba shule hizi zilijengwa kwa ajili ya maskini wa Kampala anapamba. Zilijengwa ili kupata makarani, machifu na mapadri wa upande wetu. Tazama hata ramani: zile zenye jina kubwa zote ziko nje ya mji. Kisubi iko njia ya Entebbe, Namilyango na Namagunga upande wa Mukono, Nabbingo njia ya Masaka. Vilimani Rubaga na Nsambya zilibaki shule za parokia na za kutwa, ambazo ndizo zimesomesha watoto wengi wa mji bila kuimbwa na mtu. Wasichana nao walisubiri mno. Gayaza ya Waprotestanti ilifunguliwa 1905. Namagunga ya mtawa Mama Kevin na Nabbingo ya Masista Weupe ni za 1942.

Hata hivyo, kusema ilikuwa siasa tupu ni kukosa adabu kwa waliojitolea. Mama Kevin alifika Nsambya mwaka 1903, akaanza na wagonjwa chini ya mti, na alipoondoka nchi ilikuwa na hospitali, shule na shirika la masista Waafrika huko Nkokonjeru. Kanisa kuu la Rubaga lilijengwa kuanzia 1914 mpaka 1925, na jasho lililomwagika pale ni la waumini wa kawaida. Jasho hilo ndilo kanisa linalozungumzia linaposema "shule zetu", na sioni haki ya kulicheka.

Ila hesabu haiishii hapo. Mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki, mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaunda idara ya elimu, na ruzuku zikaanza kwenda kwenye shule za misheni. Ruzuku ilitoka kwenye kodi, na kodi ililipwa na Mkatoliki, Mprotestanti, Mwislamu na yule asiye na dini ya kuandikishwa. Tangu hapo hakuna shule kubwa ya misheni inayoweza kusema imejijenga kwa sadaka peke yake.

Mwenye shule alikuwa na nguvu nyingine ambayo sisi tunaozungumza Kiswahili hapa Uganda tunaijua vizuri. Mwaka 1927 Gavana Gowers wa serikali ya kikoloni alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa shuleni na serikalini. Viongozi wa misheni, Wakatoliki na Waprotestanti, ambao kwa kawaida hawakukubaliana hata juu ya kalenda, wakaungana kukipinga, na Kabaka Daudi Chwa akaandika waraka wake wa kupinga mwaka 1929. Kiswahili kikabaki lugha ya kambi za polisi na jeshi. Walikuwa na sababu zao: waliogopa lugha ya wafanyabiashara Waislamu, waliogopa pia kufungwa pamoja na Kenya ya walowezi. Hofu hiyo ya pili siidharau. Lakini uamuzi wa nchi nzima ulipitia kwa watu wachache kwa sababu madarasa yalikuwa yao. Mtaala mpya wa sekondari ulipoanza mwaka 2020, Kiswahili kiliwekwa kuwa cha lazima kidato cha kwanza na cha pili, na Kisubi na Budo zote zikaguswa kwa waraka mmoja wa serikali. (Walimu wa kukifundisha wametoka wapi, hilo liulizeni vidirisha vya wizara.)

Tukija 1963 tunafika kwenye kidonda. Serikali ya Obote, ikiwa mpya madarakani na ikiwa na ripoti ya tume ya elimu ya Castle mkononi, ilipitisha sheria iliyoziweka shule za madhehebu chini ya usimamizi wa serikali. Wakatoliki waliipokea kama adhabu, na si vigumu kuona kwa nini. Chama cha siasa cha DP (Democratic Party) kilichoanzishwa 1954 kilikuwa na mizizi Rubaga, kiasi kwamba watani walikiita Dini ya Papa. Kiongozi wake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa ameshinda uchaguzi wa 1961 na kuangushwa 1962 na muungano wa UPC, chama cha Obote, na Kabaka Yekka, chama cha watetezi wa Kabaka. Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka alikuwa ametoa waraka wa kichungaji mwishoni mwa 1961 kuhusu kanisa na dola, na ukamkasirisha Kabaka. Halafu, kabla vumbi halijatulia, shule zinachukuliwa. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Nami nasema sheria ile ilikuwa ya haki katika jambo moja kubwa. Kabla yake, mtoto wa Kiislamu aliyetaka sekondari nzuri alikuwa na milango miwili, na yote miwili ilikuwa na ubatizo unaomsubiri pembeni. Waislamu walilazimika kujijengea, na shule ya Kibuli ni ushahidi wa juhudi za Mwanamfalme Badru Kakungulu. Mprotestanti alikwepa Kisubi, Mkatoliki akakwepa Budo, na wizara za nchi huru zikajazwa na watu waliofundishwa kuogopana tangu umri wa miaka 12. Serikali kuondoa dini kwenye fomu ya kuingia shule ilikuwa lazima, na maaskofu wanaotamani enzi za kabla ya 1963 wangefaa kueleza mtoto wa jirani Mwislamu angesoma wapi.

Kosa la serikali lilikuwa kuchukua usukani bila kubeba gharama. Alipokuja Amin mwaka 1971 hali ikawa mbaya zaidi: baadhi ya wamisionari wa kigeni walifukuzwa, walimu wakakimbia nchi, mshahara wa mwalimu ukawa hautoshi hata sukari. Kufikia miaka ya 1980 shule nyingi zilikuwa zinaendeshwa na fedha za PTA, umoja wa wazazi na walimu, yaani mifuko ya wazazi. Hapo ndipo alipoingia mwenye shule wa tatu, ambaye pande mbili zinazogombana hazimtaji.

Mtu akitaka kumwona mwenye shule huyo, aende kwenye lango la shule ya bweni siku wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaporipoti. Masanduku ya bati yenye jina lililopakwa rangi nyeupe, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba, ndoo, jembe, slasha, mafagio. Mwaka mmoja nilimsindikiza jirani yangu wa kambi ya Nsambya, polisi, aliyetoka zamu moja kwa moja na sare zake. Mwalimu mwenye orodha akapekua, akasema, "Afande, rimu ni moja, orodha inasema mbili." Akajibu, "Mwalimu, nisamehe, nyingine naleta siku ya kutembelea watoto." Kwenye stakabadhi ya benki aliyoshika kulikuwa na ada, mchango wa maendeleo, sare, na kitu kilichoandikwa "mengineyo", na jumla ilivuka milioni moja ya shilingi kwa muhula mmoja. Katika siku nzima ile sikumwona mtu wa jimbo wala mtu wa wizara.

Sheria ya elimu ya mwaka 2008 imejaribu kupatanisha. Inalitambua kanisa kama mwanzilishi, inalipatia viti kwenye bodi ya shule na jukumu la kulinda maadili ya dini yake. Walimu wanaolipwa na serikali, mtaala na uhamisho vinabaki serikalini. Kwenye karatasi ni mgawanyo mzuri. Tatizo ni kwamba mkuu wa shule ana mabosi wawili, na mwenye akili atamtii yule anayeweza kumhamisha.

Hoja ya kanisa yenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, haihusu maadili bali ardhi. Wakazi wa Kampala wanaikumbuka Shimoni. Ilikuwa shule ya serikali katikati ya mji, pamoja na chuo chake cha walimu, ikabomolewa ili kupisha hoteli ya kitalii iliyotakiwa kuwa tayari kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola wa 2007. Wageni walikuja wakaondoka, hoteli haikuwepo, na kiwanja kikakaa kitupu miaka. Kiwanja cha shule kilichoandikwa jina la jimbo si rahisi kukigawa namna hiyo kwa mwekezaji.

Hoja hiyo ina mpaka wake pia. Agosti 2020 kanisa la Kianglikana la Ndeeba, mwendo mfupi kutoka Rubaga, lilivunjwa usiku kwa sababu ya kesi ya ardhi iliyodumu miaka. Hati ya kanisa nayo huvunjika. Na majimbo, yakihitaji fedha, hukodisha kingo za ardhi yao kwa maduka na vituo vya petroli kama mwenye ardhi mwingine yeyote wa mji huu.

Je, kanisa likirudishiwa ada itashuka? Hapa ndipo wenye kudai hunipoteza. Kanisa linazo tayari shule binafsi zake lenyewe, zisizo na ruzuku, na hazijulikani kwa urahisi wa bei. Shule ikirudi jimboni bila mishahara ya serikali, pengo la mishahara litazibwa na yuleyule afande na stakabadhi yake. Na mishahara ikiendelea kutoka serikalini, basi serikali haitakubali kukaa nje ya mlango, na haitakuwa imekosea.

Ningependelea pande zote ziache neno "kurudisha" na ziandikiane mkataba wa shule moja moja: ardhi ni ya nani, inaweza kukodishwa kwa nani, mkuu wa shule anateuliwa kutoka majina yaliyopendekezwa na nani, na wazazi wanapata viti vingapi vyenye kura halisi. Ningeongeza sharti moja linalonigusa kama mkazi wa mji: shule yoyote inayopokea mishahara ya umma itenge nafasi za kutwa kwa watoto wa maeneo yanayoizunguka, hata kama alama zao za PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, si 4 wala 5, ambazo ndizo za juu kabisa. Siku za kuchagua wanafunzi pale Lugogo, wakuu wa shule kongwe hugombania watoto wa alama hizo peke yao, kisha tunashangaa kwa nini matokeo yao ya kidato cha nne yanang'aa.

Na kama majimbo yana nia kweli, yaanzie chini. Kanisa Katoliki ni mwanzilishi wa shule nyingi mno za msingi zilizo kwenye mpango wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, ulioanza 1997, ambazo kwa miaka mingi zilipata ruzuku isiyozidi kama shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Zina paa zinazovuja na mwalimu mmoja mbele ya watoto 100. Nazo ziko kwenye ardhi ya askofu, nazo zina jina la mtakatifu getini. Mazungumzo ya kurudishiwa yanapopamba moto, majina ninayoyasikia yakitajwa ni Kisubi, Namilyango, Namagunga na Nabbingo.