Tufaha Kwenye Kitanda cha Mgonjwa

Watu hucheka wakisikia tufaha limelazwa kwenye mashine ya MRI, ile ya hospitalini inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Si ulikate tu uone? Swali la haki, ila mimi tatizo langu ni hicho kisu chenyewe.

Ukishalikata leo, kesho huna tena tufaha la kuchunguza. Hewa imeingia, nyama inageuka kahawia, na hujui doa lipi ni la ghalani na lipi umelisababisha wewe. Anayetaka kujua tunda linavyoharibika likihifadhiwa hulazimika kukata moja wiki hii, jingine wiki ijayo, kisha ayasimulie yote kana kwamba ni tunda moja. MRI hulirudia lilelile. Doa lililoanzia karibu na kiini utaliona likitanuka, huku ganda bado linang'aa kama limepakwa mafuta.

Mashine haibagui mtu na tunda. Inachotafuta ni haidrojeni, na tunda limejaa maji. Sumaku ya tesla 1.5, yenye nguvu takriban mara 30,000 ya ile ya dunia, huzipanga protoni, yaani viini vya haidrojeni hiyo. Wimbi la redio huzivuruga. Nazo zikirudi mahali pake hutoa ishara. Mimi huvutiwa zaidi na huko kurudi: maji yaliyo huru hukawia, yaliyobanwa ndani ya seli huwahi. Ndiyo maana picha husema maji yapo wapi na pia yamekaaje. (Paul Lauterbur, mmoja wa waanzilishi wa MRI, mwaka 1973 alianza na mirija miwili midogo ya maji. Tunda haliko mbali na hapo.) Tazama kwenye skrini picha ya tufaha, kama vile limekatwa kwa upana: vyumba vitano vya mbegu vimekaa kama nyota, vyeusi tii, maana hewa iliyomo karibu haitoi ishara yoyote. Likiwa na ule ugonjwa wa nafasi za hewa kujaa maji, sehemu hizo hujitenga waziwazi na nyama nzima.

Nisipokubaliana na mashabiki wa MRI ni pale wanapotaka kuipeleka kiwandani ichambue matunda. Picha nzuri huchukua dakika kadhaa. Kwenye mkanda wa kuchambulia, matunda hupita kwa sekunde. Bado hujagusia suala la heliamu ya kuipoza sumaku hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwa kupima utamu wa tunda linalopita mbio, mwanga wa infraredi unatosha, na ni rahisi mno.