Folda ya Mwizi Imeibiwa

Bandugu, hii mambo ya Birere, kartie yetu hapa Goma mu Kongo, itanipasula kichwa. Kuko kijana mumoja ana kibanda cha kuchariji simu, ukimupa flash na franga 2000 anakujazia nyimbo mpaka inakataa, na filamu pia, zile za Kichina zenye mutu wa Tanzania anatafsiri juu yake kwa makelele, mwenye filamu anakufa, mutafsiri anacheka.

Sasa jana namukuta amekasirika, anataka kumupeleka jirani yake kwa shefu wa kartie. Ati ameibiwa. Nikauliza kompyuta? Hapana papa, folda yangu. Folda YAKE! Ati alikesha akiipanga, akaandika namba yake ya simu kwa kila filamu, na mwanzo wa kila wimbo akatia sauti yake, "usikopi bila ruhusa", halafu jirani akakopi bila ruhusa. Jamani, ruhusa ya nani?

Muzee mumoja alikuwa hapo anangojea simu yake ijae, akasema polepole kuko sheria ya haki za waandishi na wasanii, ya tarehe 5 Aprili 1986, hairuhusu kukopi na kuuzisha kazi ya mutu kama hajakubali. Kijana akajibu mu 1986 flash haikuwa. Kweli, flash iliingia sokoni 2000. Muzee akamuuliza, na kaseti je? Kijana akaanza kupanguza vumbi.

Mie musiniangalie, mie nililipa. Feza iliishia kwa nani, hiyo si kesi yangu.

Lakini kuko mwanamuziki wetu wa kartie, wimbo wake uko kwa kila pikipiki, kwa kila harusi, na yeye anatembea kwa mguu. Studio alilipa na dola, klipu dola, ikatoka asubuhi, mangaribi iko mu flash za muji muzima. Ndiyo maana anatupa mabanga, wimbo ukianza tu unasikia majina, mara muuza mbao, mara muuza simenti, mara bosi wa mafuta aliyemupa kitu, mwanamuke anayependwa anakuja kutajwa mwishoni tena kwa haraka. Watu wanalalamika majina ni mengi. Sasa mulitaka alipwe na nani, na ile franga 2000 yangu?

Na huyo mwanamuziki akatokea palepale. Simu yake imeibiwa, anatafuta wimbo wake mwenyewe. Kijana akamwambia franga 200, kaka.

"Lakini ni wimbo wangu!"

"Najua kaka, ni muzuri, unatoka sana."

Akalipa. Akajaribu kuusikiliza, ukaanza na sauti ya kijana. Akaomba ile sauti itolewe, akaambiwa kutoa ni kazi ingine, 500. Mie nikaona huo ni uonevu, nikamuombea bonus, na kijana ana roho nzuri kweli, akamuongezea bongo flava mbili za bure.