Kumlipa mtu akae nyumbani si kubana matumizi

Kila bajeti ya Marekani inapokwama, hakosekani mwanasiasa wa kudai kwamba wafanyakazi wa serikali wakipelekwa likizo bila malipo, nchi itaokoa fedha. Sikubaliani naye hata kidogo, na hesabu za serikali yenyewe zinamkana.

Oktoba 2013 shughuli za serikali zilifungwa kwa siku 16 kwa kukosa bajeti, mamia ya maelfu ya watumishi wakaambiwa wasije kazini. Waliporudi, walilipwa mishahara ya siku zote zile. Ikawa hivyohivyo mwaka 2019 baada ya siku 35 za kufungwa, na safari hiyo haki ya kulipwa malimbikizo ikawekwa kabisa kwenye sheria. Kamati ndogo ya Seneti ilipochunguza kufungwa kwa 2013, 2018 na 2019, ilikuta gharama ya karibu dola bilioni 4. Angalau bilioni 3.7 kati ya hizo zilikuwa mishahara ya watu waliozuiwa kufanya kazi. Walitaka kufanya kazi, mwajiri akawafungia mlango, kisha akawalipa kwa fedha za walipa kodi ambao hawakupata huduma yoyote. Huo ndio ufujaji wenyewe.

Ipo likizo nyingine ambayo mshahara wake haurudi. Mwaka huohuo 2013, makato ya lazima ya bajeti yalipoanza, Wizara ya Ulinzi iliwaweka nyumbani watumishi raia wapatao 650,000 kwa siku 6 bila malipo. Hapo hazina ilibakiwa na kitu, ni kweli, lakini kilitoka mfukoni mwa fundi na karani. Waongoza ndege nao walipokumbwa na likizo ya namna hiyo Aprili, safari zilichelewa, na haikupita wiki Kongresi ikapitisha sheria ya kuwanusuru. Wale ambao kukosekana kwao hakukuonekana upesi waliendelea kukatwa.

Wakati huo fedha nyingi zinavujia kwingine. Kwa mwaka wa fedha 2024, mashirika ya serikali kuu yalikadiria malipo yasiyo sahihi ya dola bilioni 162, nyingi zikiwa malipo yaliyozidi, na karibu robo tatu yalitoka maeneo matano tu ya huduma, zikiwemo bima za afya za Medicare na Medicaid. Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, imekuwa ikikaguliwa kila mwaka tangu 2018 na haijawahi kupata hati safi. Kuziba mianya hii kunahitaji wakaguzi, wachambuzi na wasimamizi wa mikataba, na baadhi yao ni haohao wanaofungiwa mlango bajeti ikikwama. Unamwondoaje mlinzi halafu ukasema unapambana na wizi?

Linaloniuma zaidi ni wafagiaji, walinzi na wapishi walioajiriwa na kampuni zenye zabuni za serikali. Sheria ya malimbikizo haiwagusi. Siku wasizofanya kazi zimepotea moja kwa moja, nao ndio wenye kipato kidogo kuliko wote majengoni humo.

Dawa inajulikana: sheria itakayoruhusu bajeti ya mwaka uliopita iendelee yenyewe mpaka wabunge wakubaliane. Miswada ya namna hiyo imefikishwa Kongresi zaidi ya mara moja bila kupita. Oktoba 2025 serikali ikafungwa tena, safari hii kwa siku 43.